Niliyetembea Naye Kwenye Uwanja wa Gwaride

Nani alikuwa akitembea nami jioni ile? Nimejiuliza hadi nimechoka, na jibu sina. Aibu ninayo, tena nyingi, kwa hiyo acheni nianzie hapo, maana ninyi ni watu wangu na mtanicheka kwa staha.

Kazi yangu, kama mnavyojua, ni kupanga matumizi ya ardhi. Kambi moja ya jeshi iliyobanwa na maghorofa ya Mchafukoge (jina lake naliweka kando) ilikuwa ikihamishia sehemu ya shughuli zake nje ya jiji, nami nikapewa jukumu la kupendekeza kipi kibaki na kipi wapewe wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao malori yao hupakuliwa katikati ya barabara hadi watu wanapita kwa ubavu. Nikachora ramani ya kupendeza: zahanati, bohari, karakana, tangi la maji, nyumba za familia, kila kitu na rangi yake. Uwanja wa gwaride nikauacha mweupe na juu yake nikaandika "hautumiki", kwa sababu kila nilipouchungulia kutoka dirishani kwangu ghorofani (kushuka sikuwahi) niliuona mtupu. Hapo ndipo malori yangeegeshwa.

Siku ya kuonyeshana mipaka tulikuwa wachache: mimi, Meja anayesimamia majengo ya kambi, na wafanyabiashara wakiongozwa na Mama Urio, mwenye duka la jumla la mchele, ambaye msongamano ule ulikuwa umeshamfukuzia wateja. Meja alisema waziwazi kwamba akiridhika na uwanja, kesho yake asubuhi atautia saini mpango wangu.

Tulichelewa, tukafika jua likielekea kuzama. Wenzangu wakafuata njia iliyopakwa chokaa kandokando ya uwanja. Mimi, kwa kutaka kuonekana mtu wa vitendo, nikakata katikati.

"Mtaalamu, huko raia hawapiti," Meja akaniambia.

"Kidogo tu, afande, nikuonyeshe," nikajibu bila kugeuka, na mara nikasikia buti zikija nyuma yangu kwenye changarawe, kisha zikawa sambamba nami, bega kwa bega. Nikafurahi, kumbe ameridhia! Nikaanza kumweleza, hapa malori makubwa, pale vyoo, kule taa, na kila nilipopunguza mwendo buti nazo zilipunguza, na harufu ya rangi ya viatu ikanijia, na kwa kuwa nilikuwa nikitazama mbele kwa fahari ya kisomi (nijicheke kidogo) sikumwangalia usoni hata mara moja.

"Kwa kweli, afande," nikahitimisha, "uwanja huu hautumiwi na mtu yeyote, au siyo?"

Visigino vikagongana, kama vya askari anayesimama wima.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mbali, kandoni, Meja alikuwa amesimama wima, na wafanyabiashara nao, na mlinzi getini, hata msukuma mkokoteni aliyekuwa akipita nje. Hakuna aliyesogea, na mji mzima ulikuwa kama umezuia pumzi. Filimbi ilikuwa imeshapulizwa, bendera inashushwa, nami kwa wingi wa maneno yangu sikuisikia. Kila mtoto wa mji huu anajua kwamba wakati huo ukiwa jirani na kambi unasimama ulipo. Nikaganda hivyohivyo, mkono umenyooka kuelekea pale nilipopanga vyoo, na kitu kikipumua taratibu karibu na sikio langu la kushoto.

Filimbi ya pili ikalia. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Kaka, bendera inashuka wewe unatuonyesha choo!" Mama Urio akapiga makofi. "Halafu muda wote ule ulikuwa unamhubiria nani?"

"Nilikuwa na Meja."

Kicheko kikakatika. Meja akanitazama. "Mimi sikutoka hapa," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Alikusindikiza hadi wapi?"

Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa.

Tulitembea na Mama Urio hadi Mnazi Mmoja, sasa mzaha umemwisha. "Mambo ya majini yako siyajui, kaka. Mimi nataka malori yatoke mlangoni kwangu. Ukinigeuka kesho, watoto wangu utawalisha wewe?"

Alikuwa na haki. Ila nilichojua ni kwamba nilikuwa nimeiita tupu ardhi ambayo sikuwahi kuikanyaga, na siku nilipoikanyaga haikuwa tupu.

Asubuhi, mbele ya Meja na Mama Urio, nikaomba radhi, nikalifuta neno lile "hautumiki" kwenye ramani, nikaupaka uwanja rangi ya maeneo yanayotumika, na malori nikayahamishia yadi ya karakana ya zamani, ambapo ni padogo na itabidi yaingie kwa zamu. Mama Urio akasonya, kisha akauliza zamu ya kwanza ni ya nani. Meja akatia saini bila kuniuliza sababu, akaamuru geti la karakana lifunguliwe, na lori la mchele likaingia kinyumenyume, nami nikilielekeza kwa mikono yote miwili, baada ya kuhakikisha kwanza ni nani aliyesimama pembeni yangu.