Siku Niliyopimwa Pamoja na Pamba

Huku Lalago wapo watu wa rika langu ambao mpaka leo hawaniiti jina langu, wananiita Fifi, na wageni wakiuliza maana yake huwa naangalia pembeni kwanza. Fifi ni pamba chafu, ile ya daraja la pili, iliyonyeshewa au kuokotwa na majani makavu. Safi inakaa fungu lake na fifi lake, kila mkulima wa kwetu anajua hivyo tangu utotoni. Jinsi mtu mzima mwenye akili timamu (wakati ule nilikuwa na akili timamu, msicheke) anavyogeuka kuwa fifi ni aibu niliyoitafuta mwenyewe kwa miguu yangu miwili, kwa hiyo naieleza mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao. Ghala la ushirika lilifungwa, likabaki la popo, na karani wetu wa zamani akarudi kwao. Kijiji chetu kilikuwa na njia tatu tu za kuishi: ulime pamba, uchunge ng'ombe wa baba yako, au uondoke. Mimi sikutaka hata moja ya hizo, nilimtaka Limi. Limi alikuwa binti wa mzee mmoja anayekaa kwenye njia panda ya barabara kubwa, na tulikuwa na tabia, kila tukirudi kisimani, ya kusimama mbele ya nyumba aliyoacha karani, nyumba pekee ya bati kijijini, tukahesabu madirisha yake manne na kugawana vyumba. Yeye alitaka dirisha la mashariki. Nilimtamani yule msichana mpaka nikawa nalima tuta moja mara mbili bila kujua.

Kwetu tulishapeleka mshenga. Baba yake hakukubali wala hakukataa, alisema, "Nangoja nione huyu kijana atakuwa mtu gani." Na kulikuwa na mwanamume mwingine wa upande wa Meatu, kule Lingeka, ambaye alikuwa tayari ni mtu, maana zizi lake lilionekana kutoka mbali.

Basi ikaja habari kwamba kampuni moja ya pamba inatafuta makarani wa mizani wa vijijini, usaili Jumatatu saa nne asubuhi, kiwandani Bariadi, njoo na cheti. Atakayepita anapewa kituo na ile nyumba ya bati. Mnaona mambo yalivyojipanga? Nilinunua shati jeupe la mitumba, nikaazima suruali ya shemeji, nikajipaka mafuta ya nazi kichwani hadi yakatiririka shingoni, na Jumatatu ile jogoo la kwanza nilikuwa barabarani. Lori la pamba likaja. Dereva wake, Mzee Salehe, mtu wa Tanga, akaniangalia akasema mtu aliyependeza hivi hawezi kupanda juu ya mzigo, akaniweka mbele karibu yake.

Tukafika njia panda. Mama mmoja akapunga mkono, ana kikapu, anakwenda Bariadi kumwona dada yake aliyelazwa. Alikuwa mama yake Limi.

Sasa ambaye si Msukuma anaweza asielewe. Mama mkwe, mayu bukwi, humkaribii. Ukimwona njiani unapisha porini, hamli pamoja, humtazami usoni, na yeye vilevile kwako. Kweli, mimi sikuwa mkwe bado, nilikuwa mkwe wa kujiteua (wenzangu walikuwa wakinicheka kwamba namkimbia mama ambaye hata hajaambiwa anikimbie), lakini nilikuwa nimejiapia kwamba heshima yangu itatangulia mahari. Na Mzee Salehe, mtu wa pwani, ameshafungua mlango wa upande wake.

"Panda mama, hapa katikati panatosha. Kijana, msogelee mama yako."

Katikati pale, ndugu zangu, ni ubavu kwa ubavu, goti kwa goti, na mashimo ya barabara ile mnayajua. Ningesema tu, "Mzee, huyu ni mkwe wangu," angeelewa, angetafuta namna. Maneno matano. Lakini kuyasema mbele yake ni kujitangaza, na baba mtu hajajibu. Nikafungua mlango wa upande wangu nikaruka chini kabla mama hajainua uso.

"Naenda nyuma, mzee. Nafuata hewa."

"Na shati hilo?"

"Hewa, mzee."

Nikapanda. Nikakumbuka kwamba nikikaa juu ya mzigo miguu yangu itakuwa juu ya kichwa cha mama mkwe, jambo baya kuliko yote, kwa hiyo nikarudi hadi mwisho kabisa wa lori, nikainua turubai nikajichimbia kwenye pamba. Pamba ina joto zuri. Nilikuwa nimeamka mapema. Nikalala.

Nilipoamka lori lilikuwa limesimama na mtu anasoma namba kwa sauti. Tulikuwa juu ya mizani ya kiwanda. Nikataka kutoka, nikachungulia, nikamwona mama yake Limi anashuka polepole na kikapu chake. Nikasema ngoja apite. Nikangoja. Namba ikaandikwa, nikiwa ndani yake, lori likasogea hadi kwa wapakuaji, na turubai likavutwa.

"Jamani, humu kuna mtu."

Nikasimama. Yale mafuta ya nazi yalikuwa yamefanya kazi yake, sikuwa na unywele uliokuwa haujavaa pamba, na nyusi pia. Akaja bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni, mkubwa wa manunuzi. Mwaka ule watu walikuwa na mchezo wa kuongeza uzito, na yeye alikuwa amechoka nao.

"Mlianza na mawe," akasema. "Mkaja na maji. Leo mmeniwekea mtu mzima?"

"Bwana, nimekuja kwenye usaili."

Kiwanda kizima kilicheka. Mpakuaji mmoja akauliza huyu aandikwe safi au fifi, na hapo ndipo jina lilipozaliwa. Mzee Salehe akajaribu kunitetea, akasema nilikuwa mbele nimekaa vizuri, nikahama mwenyewe nikidai nafuata hewa chini ya turubai. Msaada kama huo bora mtu anyamaze.

"Nani hapa anakujua?" akauliza yule bwana.

Mama yake Limi alikuwa getini, amegeuka kama wote kutazama kelele. Nilimwonyesha kwa mkono, macho yangu yakiwa chini.

"Mama, unamfahamu huyu?"

Alinitazama mara moja tu. Kisha akavuta khanga yake ikafunika uso, akanigeuzia mgongo, akasimama ameuelekea ukuta.

"Unaona?" akasema bwana wa kalamu. "Hata mama wa watu hataki kukutazama. Nenda nyumbani. Anayepimwa hawezi kupima."

Hakuelewa. Mama kama ningekuwa mtu baki angenikodolea macho na kucheka kama wengine. Alinifunikia uso kwa sababu alikuwa amenikubali. Nilipoteza kazi na kupata mama mkwe kwa dakika moja, na nawaambia kweli, nilitoka pale getini nikiwa na furaha.

Furaha ile ilidumu mpaka kijijini. Baba yake Limi alikuwa ameshasikia kwamba nilipimwa na pamba, akasema sasa amejua mimi ni mtu gani. Limi alinikuta kisimani, hakucheka.

"Ungekaa tu," aliniambia. "Mama angenuna siku mbili, halafu tungekuwa na maisha."

Msimu haukuisha, ng'ombe wa mahari kutoka Lingeka wakaja. Nilisikia vigelegele vya kwao Limi nikiwa shambani, nikaendelea kuchuma, na sijui nilichuma safi au nilichuma fifi.

Nilioa baadaye, mwanamke mwema, hana habari na madirisha yale na hana kosa. Niliapa tu jambo moja, kwamba nyumbani kwangu heshima haitamficha mtu tena. Mwaka jana mkwe wangu, mume wa binti yetu, alikuja na gari kumpeleka mke wangu hospitali Bariadi, nafasi ilikuwa moja, pembeni yake, na mke wangu akakataa, akasema ni mwiko, atangoja kesho. Nikamshika mkono nikamwambia apande akae naye. Akapanda, ameuma midomo. Gari lilipoondoka nilibaki barabarani mpaka vumbi likatulia, mtu mzima mwenye wajukuu, nikimwaza Limi, kama bado anapenda jua la asubuhi.