Mkono wa Maua

Jirani yangu ana sufuria kuukuu sita mlangoni, zimejaa kiua cheupe kinachochanua mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya. Hamnyimi mtu mche. "Chukua, mwanangu," husema kwa sauti ya mgonjwa, "ila ua hili lina kiburi. Halitaki jua kali, halitaki maji mengi, na linachagua mkono." Huuzungushia mche gazeti taratibu, kama anafunika mtoto mchanga. Wiki haiishi, anakuja mwenyewe kutoa pole: "Limekufa? Basi una mkono mzito." Mtaa mzima tuna mikono mizito.

Jana, nikiwa nyuma ya shuka nilizoanika, nilimwona akimfungia mke wa fundi viatu mche. Kabla ya gazeti, ukucha wake wa dole gumba, ule asioukata, ulipita chini ya shina, mizizi yote ikadondoka. Leo asubuhi nimemkuta jirani kachuchumaa kwenye mtaro wa maji machafu. Ndani ya ufa wa saruji kiua kilekile kimejiotea, hakina wa kukimwagilia, kimechanua kuliko vya sufuria. Alikuwa anaking'oa kwa mikono miwili.

"Magugu haya, mwanangu," akaniambia akihema. "Yanaota popote."