Bosenge na kopo la maziwa

Siamini bado. Bosenge amefariki jana asubuhi kwao Isangi, akishona wavu, na mimi niko hapa bandarini Kisangani nasubiri mtumbwi wa mota.

Ninyi mnaonifuata hapa mtandaoni mnamjua kama mzee wa samaki. Miaka ya Zaire alikuwa mpakiaji mwenzangu, hapahapa Makiso.

Mimi nilitoka Bushi, kule Kivu, kwa watu wa ng'ombe, ndiyo maana aliniita Mushi. Sikuwa na ndugu mji huu. Siku ya kwanza aliniona nikiyumba na gunia la kahawa. "Mushi, gunia haibebwe na shingo. Leta." Akabeba lake na langu.

Halafu ikaja kansa, kwenye tezi za shingo yake. Munganga, daktari wa hospitali, akasema sindano sita, moja kila wiki tatu. Ukiacha katikati, ugonjwa unarudi.

Zile sindano zilimuunguza matumbo. Vidonda mdomoni, kuhara bila kukatika. Mtu wa magunia mawili nikawa namshika kwapani kwenda chooni.

Jumamosi moja mkuu wa avenyu, yaani wa mtaa wetu, alikuja kuuliza kwa nini hayuko kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani. Bosenge akamjibu amelala, akimwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa enzi zile: "Sitwayeni, tumbo yangu iko kwenye salongo tangu asubuhi." Mkuu akacheka, akaenda zake.

Baada ya sindano ya tatu hakutania tena. "Bon, imetosha. Sirudi kule. Afadhali nikufe na tumbo nzima."

Niliogopa sana. Kwetu, mtoto akiharisha hupewa maziwa ya mgando. Nikapata kidogo kwa dereva wa lori kutoka Kivu.

Lakini mama muuguzi alikuwa ameshatuonya: damu yake haina askari wa kupigana na wadudu, kila anachokula kichemshwe. Basi donc, nikayachemsha maziwa ya mgando! Yakawa mabonge na maji ya njano.

Bosenge akachungulia kopo. "Mushi, hii ni maziwa ama ni simiti?"

"Kunywa, papa."

"Ninyi watu ya ng'ombe munakula kitu imeoza, na sasa munaipika!"

Muuguzi alishika kichwa. "Umeua wadudu wazuri ambao wangemsaidia. Na usingeyachemsha, maziwa ya barabarani yangeweza kumuua yeye." Akanikalisha chini kama mwanafunzi. Chemsha kwanza, gandisha baadaye.

Tulingoja hadi askari wa damu yake waongezeke na munganga akubali. Kisha maziwa ya unga, maji yaliyochemka, na mbegu safi ya kugandishia kutoka kwa masista wa misheni. Kijiko, vijiko viwili, nusu kikombe. Nikaongeza papai, na mawese kidogo kwenye wali. Vidonge vya vitamini nilivyoleta kutoka sokoni munganga alivikataa: "Chakula, sawa. Hivi vinaweza kupigana na sindano."

Siku hizi binti yake, ambaye ni muuguzi, anaviita probiotiki na antioksidanti. Mimi niliishia darasa la nne. Niliviita maziwa na papai.

Sisemi maziwa yalimponya. Sindano ndizo zilizomponya. Ila tumbo lilitulia kidogo, na siku ya sindano ya nne nilimkuta amekaa kitandani, viatu miguuni.

"Mushi, twende. Lakini ubebe ile kopo."

Alimaliza zote sita, akarudi kwao Isangi kuvua samaki. Watoto wake wote watatu walizaliwa baadaye.

Miaka yote hiyo nikienda Isangi alinipa samaki wa moshi, nami nilimpelekea maziwa. Alikunja uso kila mara, na kila mara alimaliza.

Bosenge, mgongo wangu umechoka, na nyumbani kwetu Bushi bado ni mbali. Wewe ndiye uliyekuwa ndugu yangu kwenye mto huu. Nimebeba kopo moja leo. Najua hutalinywa. Watakunywa watoto wako.

Lala salama, papa. Nilichemsha kwanza.