Jibu Lililokuja Chanya

Dada yangu alinionyesha uvimbe siku niliyokwenda kwake Songambele kumsaidia kuanika kahawa. Tulikuwa jikoni. Alifungua vifungo viwili vya blauzi, akauchukua mkono wangu na kuuweka kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa. Ulikuwa mgumu, wala haukusogea nilipoubonyeza.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tulipopalilia maharage."

Maharage yalikuwa yameshavunwa na kuliwa nusu.

Mama yetu alifariki mimi nikiwa darasa la tatu, na dada ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenisukuma hadi nikawa mwalimu wa hisabati, sasa nafundisha shule ya msingi huku Chonyonyo. Kwa hiyo sikumwomba aende hospitali. Nilimwamuru, kwa mara ya kwanza maishani, naye akashangaa hata akakubali.

Hospitalini walikata kinyama kidogo kwa sindano, wakakipeleka Mwanza. Jibu la kwanza lilirudi: ni saratani. Nilikuwa pamoja naye siku hiyo. Daktari, mama mmoja mpole, alituambia tusubiri jibu la pili kabla ya kupanga tiba.

"Saratani ya titi si moja," alisema. "Nyingine seli zake zimejaa protini fulani kwa nje, inaitwa HER2. Protini hiyo ndiyo inayozihimiza zikue. Nyingine hazina. Nikijua yako ni ipi, nitajua dawa ya kukupa. Nisipojua, naweza kukuchosha bure."

Dada aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama anaruhusiwa kubeba ndoo ya maji.

Wiki zilizofuata sikutulia. Nilisahihisha madaftari nikiwa nimesimama. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Shuleni mtandao unasumbua, nikawa natoka kila baada ya kipindi kwenda kusimama penye mwinuko nyuma ya vyoo, simu mkononi. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama nina mchumba. Nikamwambia ndiyo, ili aniache.

Jibu lilipotoka, shemeji ndiye aliyekwenda naye. Shemeji ni mkulima, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache. Alinipigia nikiwa nachora mstari wa namba ubaoni.

"Mwalimu, shikilia moyo," alisema. "Wametuambia kwenye dirisha la maabara, walipotupa bahasha. Ni chanya." Simu ikakatika.

Nilibaki na chaki mkononi. Darasani kwangu chanya ni namba iliyo kulia kwa sifuri. Lakini mimi ni mtoto wa Kagera. Neno hilo tulilisikia utotoni likinong'onwa kwenye misiba, na baada yake nyumba zikabaki na bibi na wajukuu tu. Nilijua shemeji amesikia nini. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikapanda pikipiki.

Niliwakuta kila mmoja upande wake wa nyumba. Shemeji alikuwa ameketi barazani, kofia magotini. Hakuitikia vizuri salamu yangu. Dada alikuwa ndani kabisa ya kibanja, anakata majani makavu ya migomba kwa panga, kwa nguvu, hata mabichi alikuwa anayakata.

"Sijawahi kutoka nje ya ndoa," alisema bila kugeuka. "Mwambie shemeji yako. Mimi nimeshamwambia, njia nzima hakunijibu."

"Bahasha iko wapi?"

Ilikuwa chini ya mgomba, haijafunguliwa. Nilisoma Kiingereza cha maabara mara mbili, kidole kikifuata mstari. Nikamshika mkono, nikampeleka barazani.

"Shemeji, hawakupima virusi vya UKIMWI," nikasema. "Wamepima ile protini. Chanya maana yake uvimbe unayo."

Aliiweka kofia chini. "Kwa hiyo si ile?"

"Si ile."

Aliinuka, akamwendea dada, akalichukua lile panga mkononi mwake taratibu. "Mama, nisamehe," alisema. Dada aliingia jikoni kuwasha moto, na nilipoondoka walikuwa hawajazungumza bado. Baadaye aliniambia ilimchukua siku nne kumsamehe.

Daktari alituambia ukweli wote. Saratani yenye protini hiyo hukimbia kuliko nyingine. Lakini kuna dawa inayoitafuta protini ileile, ikaing'ang'ania na kuizuia isiendelee kuihimiza seli. Dada angekuwa hasi, dawa hiyo isingemfaa kitu.

"Basi bora chanya," alisema dada, akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Mwanza walimpima moyo kwanza, kwa sababu dawa hiyo yaweza kuudhoofisha. Walimwekea dripu kila wiki tatu, mwanzoni pamoja na dawa kali zilizomnyoa nywele na kumfanya achukie harufu ya ndizi zinazochemka. Katikati alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa. Safari nyingi nilimsindikiza mimi, nyingine shemeji. Ndani ya basi dada alilala kutoka Kayanga mpaka mbali sana. Mimi nilihesabu pumzi zake.

Safari moja kipimo cha moyo kilishuka, wakasimamisha dawa. Hizo ndizo siku nilizokosa subira kabisa. Niligombana na shemeji kwa jambo dogo la chumvi, nikapiga kelele darasani, nikalazimika kuwaomba watoto radhi. Moyo ulipanda tena, dripu ikaendelea, na baada ya mwaka na kitu wakamwambia imetosha, awe anarudi kuangaliwa, na kikohozi kisichoisha asikipuuze, kwani saratani huweza kuhamia mapafuni.

Sasa anavuna kahawa yake. Mkono wa kushoto unamvimba akibeba mzigo, hivyo shemeji ndiye anayechota maji, na wanaume wa kijijini wameshazoea kumwona na ndoo. Mimi bado nafika karibu kila Jumamosi. Juzi alinikuta namtazama akichuma.

"Mdogo wangu, umekuja kuchuma au kunichungulia?"

"Kuchuma."

"Basi chukua kikapu."

Nilichukua, nikaanza mti uliofuata wake, nikimsikiliza kama atakohoa.