Sensa zangu zilizidisha hodi, mimi nikaingia kwa mama mkwe bila hodi

Wakuu, habari za mihangaiko. Hii siyo chai, imenikuta mwenyewe.

Mimi ni fundi wa simu na redio, Ruangwa mjini. Mchumba wangu kwao ni Mkotokuyana, upande wa Nachingwea. Mama yake, Bi Somoe, ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa korosho. Akaniamini nifunge sensa za unyevu ghalani kwao, vidude vya kupima unyevu na kutuma taarifa kwa redio, kila gunia na chake. Korosho ikilowa daraja linashuka, na mle mlikuwa na jasho la msimu mzima.

Posa ilikuwa bado inajadiliwa. Mnaelewa presha yangu.

Sasa mimi nimelelewa kiadabu, na code yangu, yaani programu ya sensa, ikarithi. Kila sensa kabla ya kutuma ujumbe inapiga hodi kwa receiver, kipokezi kimoja cha zote, inasubiri "karibu". Ikipiga tatu kimya, inarudi zake kulala.

Jua likiwaka, mambo safi. Mvua ya kwanza ikaja, unyevu ukapanda, sensa zote zikapiga hodi kwa pamoja. Receiver ikasikia makelele tu. Zikarudi kulala na adabu zao!

"Mwanangu," Bi Somoe akaniuliza, "mbona mitambo yako inanyamaza mvua ikinyesha? Si ndiyo siku tunayoihitaji?"

Niliona aibu hadi ugali ukanishinda.

Nikarudi Ruangwa kuisuka upya receiver. Hodi nikafuta. Kila sensa iingie moja kwa moja, ila ianze na saini yake mwenyewe. Receiver inarekodi zogo lote, inatambua saini zilizomo, inasoma yenye sauti kubwa, inaitoa kwenye rekodi, halafu inasikiliza iliyokuwa imefunikwa. Hivyo hivyo hadi ya mwisho. Wajuzi mnaiita SIC, successive interference cancellation.

Siku ya majaribio nikakaa na laptop kibarazani pa ghala. Mvua ikashuka. Sensa zikaanza kujitokeza kwenye kioo moja moja, nikawa nacheka peke yangu kama chizi.

Ya mwisho, dhaifu kabisa, ilitoka kona ya nyuma: unyevu unapanda kwa kasi. Bati linavuja!

Nilitoka mbio, kushtuka niko ndani ya jiko la uani la Bi Somoe, hatua chache tu kutoka ghalani, yeye na kanga yake kifuani anachambua mboga. Mkwe! Bila hodi!

"We mtoto, umetokea wapi?"

"Mama, korosho zinalowa!"

Hakuuliza la pili. Akaita majirani, magunia yakahamishwa, halikuharibika hata moja. Akapiga vigelegele huku mvua inamnyeshea. Wakuu, nilifurahi mpaka machozi.

Kwenye kikao cha posa mjomba mmoja akataka nitozwe faini ya kuvamia jiko. Bi Somoe akamkatiza: "Mwacheni. Angesimama nje kupiga hodi tatu, tungekuwa tunalia sasa hivi."

Ndoa imepita, namshukuru Mungu.

Nilichojifunza: wasemaji wakiwa wengi na jambo ni la haraka, usiwabane wao, mtengeneze msikilizaji.

Wataalamu wa redio njooni mkosoe. Humu ndani hakuna hodi.