Miguu ya Mke Wangu Kwenye Cherehani Yangu

Nimewahi kumwonea wivu mtu mwenye pikipiki, mtu mwenye mikorosho karibu na barabara, hata mtu wa rika langu ambaye kichwa chake hakijaota mvi. Huo ni wivu wa kawaida, huja na huondoka. Lakini kumwonea wivu mke wangu miguu yake sikutarajia. Miguu yenyewe si ya kusifiwa. Ni mifupi, visigino vina nyufa, na kidole cha mwisho cha kulia kilipinda tangu alipojikwaa kwenye kisiki shambani kwao akiwa msichana. Ila inasikia. Ikikanyaga, inajua imekanyaga.

Yangu iliacha kusikia kidogo kidogo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mchinga, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa kwenye kibaraza hiki hiki nikikanyaga cherehani ya miguu. Kwanza nyayo zilipoa. Baridi ya miguu, Mchinga, mwezi wa kumi na mbili, wakati mbuzi wenyewe wanagombania kivuli! Nilivaa soksi, watu wakanicheka. Kisha ganzi ikaanza vidoleni na kupanda hadi kwenye vifundo. Ijumaa moja nilitoka msikitini nikafika nyumbani na ndala moja. Ya pili ilikuwa imechomoka njiani, na sikujua mpaka mke wangu aliponiuliza huo ni mtindo wa wapi.

Nilijitibu kama sote tunavyojitibu. Nilijichua kwa mafuta ya nazi na karafuu. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikatumbukiza miguu na kukaa nayo kwenye beseni, nikilalamika kwamba maji yamepoa. Mke wangu alikuja kuongeza mengine, akatia kidole kwanza, akapiga ukelele. Alinitoa miguu kwa nguvu. Ngozi ilikuwa imeshaanza kufanya malengelenge, na mimi nilikuwa nimekaa pale nasubiri joto.

Sasa, cherehani ya miguu haitaki nguvu, inataka unyayo unaosikia. Gurudumu likikusudia kurudi nyuma, unyayo ndio unaojua kwanza, kabla ya jicho na kabla ya mkono. Wangu ukawa haujui. Gurudumu linarudi, uzi unajisokota chini ya kitambaa, sindano inavunjika. Nilivunja sindano tatu asubuhi moja kwenye sare za shule. Mke wangu, ambaye miaka yote alikuwa akinisaidia vifungo na mapindo tu, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sogea kidogo," akasema.

Nilisogea. Nilidhani ni kwa ajili ya mshono ule mmoja.

Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, na huo ndio wakati watu wa huku wanaposhonesha. Kila wiki kuna harusi. Yeye alikata, alishona, alipiga pasi, na mimi nilikaa kwenye mkeka nimenyoosha miguu nikisikiliza. Cherehani yangu ilikuwa inaenda vizuri. Hilo ndilo lililonikera. Ingekwama hata mara moja, ningepumua. Ilienda mwendo mmoja, laini, bila kusita kwenye kona, na wanawake waliokuja kuchukua magauni walijigeuza geuza wakisema kumbe fundi mwenyewe alikuwa amefichwa ndani. Walisema mbele yangu. Nilicheka nao. Aliponiomba nimsaidie kukata, nilimjibu kwamba mimi ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba sikutaka kuwa msaidizi wa mtu aliyekalia kiti changu.

Mwishowe alinipeleka Lindi, hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mjukuu wangu, ila kwa jinsi alivyoniongoza ungedhani mjukuu ni mimi. Aliniambia nifumbe macho nimwambie kila anaponichoma na kijiti. Nikafumba. Nikasubiri.

"Anza basi, mwanangu," nikasema.

"Baba, nimeshakuchoma mara nne."

Alipima sukari, haikuwa na neno. Akanigonga magoti, akanikandakanda mgongo, akauliza nakaaje kazini. Nikamwonyesha. Akasema huenda ni mishipa ya fahamu, huenda imebanwa kwenye uti wa mgongo kwa huko kujikunja kwa miaka yote, lakini hawezi kuapa mpaka ipigwe picha kubwa, na picha hiyo haipatikani pale. Nisubiri kupangiwa safari. Akanipa vidonge, na akanikataza cherehani. Mke wangu aliitikia kwa kichwa, kwa utiifu kama mwanafunzi, na mimi nikauona utiifu huo kama furaha.

Tuliporudi, wateja wakamuuliza mke wangu, mzee ana nini? Akawajibu: ana mshipa wa fahamu, umebanwa mgongoni. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini maneno yanayotoka kwenye kibaraza chetu huenda hadi kisimani, na njiani mengine huanguka. "Fahamu" lilianguka. "Mgongoni" lilianguka pia. Kilichofika kisimani ni kwamba fundi ana mshipa. Na kwetu pwani, mwanamume akisemwa ana mshipa, hakuna anayemtazama miguu. Watu hutazama kanzu yake, pale katikati, kuona busha limefikia wapi.

Nilianza kutazamwa hapo. Mwanzoni sikuelewa. Msikitini watu walinipisha nafasi pana ya kukaa. Shemeji zangu waliacha utani wao wa kawaida na kuanza kunipa pole kwa sauti ya chini.

Na hapo ndipo alipoanza kuja mnunuzi wa nazi. Alikuwa mtu wa makamo, mpana, amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, na alileta kitambaa cha kanzu. Mke wangu akampima. Baada ya siku mbili akarudi, anataka kola nyingine. Baada ya siku mbili tena, anauliza kama mikono itakuwa mirefu. Kila akija anakaa kwenye benchi, ananitupia jicho, anakohoa, kisha anamgeukia mke wangu: shemeji hivi, shemeji vile. Mke wangu anacheka. Hakuwa amecheka hivyo na mimi tangu siku zile za soksi.

Nikapiga hesabu yangu. Mtu hana mke. Amesikia mume wa huyu ana mshipa, hafai tena kitu. Anakuja kukagua. Wivu ulinishika hadi nikashindwa kula, na mimi si mtu wa kuacha chakula. Nilimchukia yule mtu kwa jinsi alivyokuwa akipanda ngazi za kibaraza bila kuzitazama. Mimi nazitazama moja moja, na bado nakosea.

Alhamisi kanzu ilikuwa tayari, imekunjwa. Mke wangu alikwenda kuanika nguo uani. Nikachukua wembe, nikaifungua, nikatafuta mshono wa kwapani, na nikakata nyuzi, moja naacha mbili, moja naacha mbili. Kwa jicho huoni kitu. Ukiivaa na kusimama, imetulia. Ukiinama kusujudu, ndiyo kwa heri. Niliikunja tena kwa mikunjo ileile. Sikumbuki kuona aibu. Nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa nilijisikia fundi.

Jioni ile mnunuzi wa nazi aliichukua, na Jumamosi asubuhi alirudi nayo kwenye mfuko. Imeachia, akasema, rakaa ya kwanza tu, mbele ya safu nzima, kuanzia kwapa hadi kiunoni. Hakuwa amekasirika. Mke wangu aliipokea, akaupeleka mshono kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kosa ni langu, shemeji," akasema. "Nilikuwa na haraka. Kaa, naimaliza sasa hivi." Akaingia ndani kutafuta uzi.

Mnunuzi wa nazi alisogea akakaa karibu yangu kwenye mkeka. Akakohoa.

"Kaka," akanong'ona, "mara zote hizi nakuja kwa ajili yako, nashindwa kuanza. Usione haya. Na mimi nilikuwa nao huo. Nilipasuliwa Lindi, na leo napanda mnazi kama kijana. Ukitaka nitakusindikiza mwenyewe. Mtu asiende peke yake kwenye jambo kama hilo."

Nilichelewa kuelewa anazungumzia nini. Nilipoelewa, nilitamani ardhi inifiche. Nikamweleza: ni mshipa wa fahamu, ni miguu, ni mgongo. Nikamwonyesha nyayo. Alinitazama, akatazama nyayo, akaomba radhi hadi nikamwonea huruma. Mke wangu alirudi, akashona, miguu yake ikienda mwendo uleule, na yule mtu akaondoka na kanzu yake akiwa ametuombea dua sote wawili.

Nikajua sasa zamu yangu imefika. Mke wangu alikusanya vipande vya uzi alivyokuwa amevifumua, akaniwekea kiganjani.

"Uzi ukikatika wenyewe huwa na manyoya," akasema. "Hizi ncha ni za wembe."

Nilizigeuza zile ncha kiganjani.

"Umekata vizuri. Nafasi zote sawa. Kumbe mkono wako mzima."

"Nisamehe," nikasema. "Nilidhani yule mtu..."

"Najua ulichodhani. Nakujua." Hakupandisha sauti. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akanyoosha mguu wa kushoto, ule ule niliokuwa nikiutazama kila siku kwa kijicho, akaushika kidole gumba. "Miezi yote nakata peke yangu, nainama chini kwenye mkeka, kisha napanda kwenye cherehani najikunja tena. Hapa, wiki ya pili sasa, hapasikii. Asubuhi panakuwa pa baridi."

Nilikishika kidole. Kilikuwa na baridi kweli, au vidole vya mkono wangu ndivyo vilivyokuwa na joto. Nilikifinya. Hakushtuka.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Niliogopa utafurahi."

Nilifungua mdomo nikane, na nikachelewa.