Baba Hakuwa Afande

Harufu ya pasi ya makaa kwenye kitambaa kibichi hunirudisha kijijini kwetu Migwani mara moja, nimesimama mlangoni nikimtazama Baba akinyoosha sare zake. Hakumruhusu mtu mwingine azishike. Alikuwa askari wa jeshi, na mimi, mtoto mwenye majivuno yangu, niliwaringia wenzangu kwa kumwita Afande.

Siku aliponisikia alicheka, kisha akanikanya. "Wewe Mwende, mimi si afande. Afande ni ule ako na nyota kwa bega. Mimi ni praiveti, kazi yangu ni kumpigia saluti." Akanieleza kwamba neno lenyewe ni la Waturuki, ambao humwita bwana efendi, na kwamba lilifika huku midomoni mwa askari wa Kisudani enzi za ukoloni. Somo hilo nililishika barabara, kwa bahati mbaya.

Kisha akapelekwa Somalia. Simu zake zikawa za nadra, halafu zikakoma. Mama akaacha kula. Kwetu kila mke wa askari alijua kwamba habari mbaya haipigiwi simu, huletwa na gari. Gari lolote likipunguza mwendo karibu na lango, Mama alishika ukuta.

Lilikuja Jumamosi asubuhi, la kijani, tukipepeta ndengu nyuma ya nyumba. Mama alishindwa kuinuka, akanituma nikaangalie. Walishuka wanaume watatu, mmoja ana nyota begani, mwingine ameshika Biblia. Nikabaki nimeshika lango.

"Hapa ndio kwa Afande Musyoka?" aliuliza yule mwenye nyota.

Sitasahau jinsi hofu ilivyoniachilia. Mwenye nyota hamwiti praiveti afande! Walikuwa wanamtafuta Musyoka mwingine, si Baba. "Hapana," nikamjibu, "baba yangu si afande." Alivua kofia yake, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshatimua mbio.

"Mwaitu, wamekosea nyumba!" nilimpigia Mama kelele.

Ilipita miaka mingi kabla sijaelewa kwamba mkubwa yule alikuwa akimpa Baba heshima ya mwisho aliyoweza kumpa, akimwita bwana mtu aliyepiga saluti maisha yake yote. Sina kinyongo naye. Ninachoshindwa kujisamehe ni kwamba Mama aliniamini. Aliketi chini kando ya ungo, akajifunika uso kwa leso, akacheka kwa sauti, na alikuwa bado anacheka wale wanaume walipotokea kwenye kona ya nyumba.